Mizani ya dunia ina mawe mawili

Wasikilizaji wangu wa Njombe na Makambako huniuliza: kwa nini dunia hulaani jeshi moja likivuka mpaka, lakini likivuka jingine hunyamaza? Jibu tunalo hapa nyumbani, katika Vita vya Kagera.

Mpaka wetu na Uganda ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, kwa mstari wa digrii moja kusini mwa Ikweta. Mstari huo haukuujali Mto Kagera, hivyo ardhi iliyo kaskazini ya mto ikabaki upande wetu. Mwaka 1964, mjini Cairo, OAU iliamua kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyorithiwa. Kwa hiyo Idi Amin alipotangaza Novemba 1978 kwamba eneo hilo, lenye kilomita za mraba zipatazo 1,800, ni la Uganda, alivunja kanuni iliyo wazi kabisa. Raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, daraja la Kyaka likalipuliwa.

OAU ilifanya nini? Ilizitaka pande mbili zipatane. Mvamizi hakulaaniwa, mporaji na aliyeporwa waliambiwa maneno yale yale. Libya ilipeleka askari kumsaidia Amin, na Msumbiji ikaleta wake kutusaidia sisi.

Majeshi yetu yalipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, waliokuwa bubu wakapata sauti. Katika mkutano wa wakuu wa nchi mjini Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu kwa kuingilia nchi ya wenzetu. Aliyetutetea ni Rais Binaisa wa Uganda yenyewe.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Mizani hiyo ilipinda pia kwa faida yetu. Januari 1979 Vietnam iliuangusha utawala katili wa Pol Pot huko Kambodia. Umoja wa Mataifa ukaendelea kuwaachia kiti wale walioangushwa, ilhali Serikali mpya ya Kampala haikunyimwa chake. Sababu? Vietnam ilikuwa rafiki wa Moscow, nazo Marekani na China zilikuwa na ugomvi na Moscow. Amin hakuwa na mkubwa wa kumlilia.

Machi 2008 askari wetu walitua Anjouan, Komoro, kumwondoa Mohamed Bacar. Safari hiyo Umoja wa Afrika ulibariki. Afrika Kusini ilipendelea mazungumzo, lakini lawama kama za Monrovia hazikusikika.

Mimi nilizaliwa baada ya Vita vya Kagera, lakini wazazi wetu walivilipia. Gharama inakadiriwa kufikia dola milioni 500, na ile miezi 18 ya kufunga mikanda ikawa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Nchi iliyolipa kiasi hicho ina haki ya kudai mizani iliyo sawa. Ina wajibu pia: siku rafiki yetu anapovuka mpaka wa jirani yake, tumpime kwa jiwe lile lile tulilotaka apimwe Amin.