Kabati la Vioo Mlangoni

Ukiingia hoteli ndogo ya Kasulu au Kibondo (na hapa hoteli ni pa kula, siyo pa kulala), mara nyingi kitu cha kwanza kukutana nacho ni kabati la vioo. Halikai ukutani kama kabati la nyumbani. Limesogezwa hadi karibu na mlango. Ndani kuna maandazi, chapati, sambusa, mkate. Nyuma yake ndipo zilipo meza, mabenchi, kalenda ya mwaka juzi na ndoo ya kunawia. Anayenunua na kuondoka haishii mbali na mlango. Anayekaa analizunguka kabati. Duka la mikate na mgahawa vimetenganishwa na kazi ya seremala mmoja, basi.

Ngano si chakula cha asili cha Waha. Huku ni muhogo, mahindi, maharage, ndizi. Lakini enzi za Mwingereza milima hii ilikuwa ghala la vibarua. SILABU, ofisi ya wenye mkonge iliyoanza 1944, iliwachukua wanaume wa Kasulu na Kibondo hadi mashamba ya mashariki ya nchi. Mimi naona chai na kitafunwa chake vilipanda huku pamoja na mishahara ile, ingawa mezani ugali haujawahi kusogea.

Halafu zikaja kambi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo. 2015 wakamiminika Warundi, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena. Humo hoteli zilizaliwa upya kwa vifaa vilivyopo: ukuta wa matofali mabichi au turubai, benchi la mbao za kuokoteza, tanuri la udongo nyuma ili moshi usiwafukuze wateja. Ni mpango uleule wa mjini, ila umefinywa.

Sasa angalia mgao wenyewe: unga wa mahindi, mikunde, mafuta, chumvi. Ngano haimo, hamira haimo. Kumbe mkate wote wa kambini ulitegemea soko la pamoja, pale mkimbizi na mwenyeji walipokutana, kwa sababu sheria ya 1998 haimruhusu mkimbizi kutoka kambini bila kibali. Kuanzia 2018 masoko hayo yakabanwa, mengine yakafungwa kabisa. Soko likifungwa, kinachotangulia kuisha ni vile vya kabatini. Ugali na maharage vinaweza kuendelea siku kadhaa kwa mgao wa watu. Upande wa mbele wa chumba unabaki vioo vitupu, na mteja anapita moja kwa moja hadi kwenye benchi.

Mtendeli, iliyokuwa Kakonko, ilifungwa 2021, watu wake wakahamishiwa Nduta. Benchi hubebeka, kabati hubebeka ukilifunga vizuri kwa blanketi. Tanuri la udongo huachwa lilipo, na huko uendako unaanza kukanda jingine.