Kutoka Kusomeshwa hadi Kujisomea

Katika Kiswahili cha kale cha pwani, chuo ni kitabu. Mtu alinakili chuo, akarithi chuo kwa babake, na pale watoto walipokusanyika kusomeshwa pakaitwa chuoni, yaani penye kitabu. Leo maana ya kwanza imebaki kwa washairi na katika kamusi, na ya pili imepanda daraja hata tukapata Chuo Kikuu. Tunapoulizana mbona vijana wetu wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano hawashiki kitabu mpaka waamrishwe, neno hili ni mahali pazuri pa kuanzia, maana latuonesha kwamba kwetu sisi kitabu na mwalimu vimelelewa nyumba moja.

Mtoto wa Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa alianza na alifu na ubao, akaingia juzuu ya Amma, akapanda juzuu kwa juzuu mpaka akahitimu, na wazee wake wakafanya karamu. Alisoma kwa sauti mbele ya mwalimu, na sauti hiyo ndiyo iliyopimwa: herufi itoke mahali pake, madda ivutwe kadiri yake. Tafsiri ilingoja, na wengi hawakuifikia. Sisemi haya kwa kubeza. Elimu ile ililea kumbukumbu na sikio, na bila ya sikio lile sijui mizani na vina vyetu vingesimama juu ya nini. Hata tenzi zilisomwa vivyo hivyo: mmoja kashika karatasi za hati ya Kiarabu, jamaa wamemzunguka wanasikiliza. Kusoma lilikuwa jambo la hadhara. Aliyejitenga na kitabu, kimya, alikuwa ama mwanachuoni ama mgonjwa.

Na mgonjwa mmoja alituachia jambo kubwa. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa hajiwezi, akamtungia binti yake, Mwana Hashima. Twaukumbuka kwa nasaha zake za dini na unyumba, na siku hizi twaugombania kwa nasaha hizo hizo. Kinachosahauliwa ni kwamba karibu na mwisho mama huyu anawageukia wanawake kwa jumla na kuwataka wausome utendi na waielewe maana yake. Hakutaka wasomewe tu. Alijua kwamba hatakuwapo kumfafanulia bintiye neno kwa neno. Karatasi itabaki, na msichana atabaki nayo. Ukiniuliza kujisomea kulianzia wapi katika fasihi yetu, nitakuonesha hapo, kabla ya skuli yoyote ya serikali kujengwa visiwani.

Mlango mwingine ulifunguliwa na hati za Kilatini. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi, Kiunguja kikiwa kimeteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza, alikuwa tayari ametoa mwaka 1929 tafsiri ya riwaya ya Stevenson kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, na ile ya Haggard kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Vitabu hivi vimelaumiwa, na lawama yenyewe ni ya haki: kwa Haggard hasa, Mzungu ndiye mwenye akili na bunduki, na Mwafrika mara nyingi ni mpagazi au mshenzi. Lakini tusipuuze walichomletea kijana. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitabu cha Kiswahili kilichomfanya afunue ukurasa wa pili kwa sababu ya ukurasa wa kwanza, si kwa sababu ya bakora.

Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Ilichapa vitabu vya bei nafuu, ikapeleka masanduku ya vitabu vya kuazima huku na huko, ikawatumia wasomaji wengine vitabu kwa posta, na ikaandaa mashindano ya uandishi. Katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya 1957/58 aliyeshinda ni Mzanzibari, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi na mhariri wa magazeti. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatoka kitabu mwaka 1960. Hapo ndipo Bwana Msa alipoingia mjini, na kiko chake mdomoni, na rafiki yake Najum pembeni.

Wahakiki wamekwisha kuonesha ukoo wa Bwana Msa na Sherlock Holmes, sitaurudia. Linalonishughulisha ni kile ambacho hadithi ya upelelezi humtendea msomaji mchanga. Kuna maiti, kuna mzimu unaoogopwa, na kila mtu mtaani ana maelezo yake ya majini na mizuka. Bwana Msa hayakubali. Anauliza saa, nyayo, nani alikuwa wapi. Kijana anayesoma hawezi kukaa kitako angoje afasiriwe. Itambidi akumbuke, ashuku, arudi nyuma kurasa kumi kutazama kama yule bwana hakusema uwongo. Maana, ile iliyokuwa ikingoja chuoni, sasa ni kazi yake mwenyewe. Na kwa kuwa mambo yenyewe yanatokea Unguja, kwa Kiswahili cha huko, hakuwa na haja ya kupanda meli ya Stevenson ili aione hazina. Muhammed Said Abdulla aliendelea hivyo kwa miaka mingi, tangu Kisima cha Giningi cha 1968 hadi Kosa la Bwana Msa la 1984.

Kisha kitabu kikarudi mkononi mwa mwalimu. Riwaya za Kiswahili ziliingia katika mihutasari ya skuli za sekondari, na hilo lilikuwa heshima iliyostahiki. Lakini nyuma ya riwaya ikaja miongozo, vile vijitabu vya kutaja dhamira, ujumbe na wahusika, na wako wanafunzi wanaofaulu mtihani wa fasihi kwa miongozo peke yake. Mtoto huulizwa mwandishi ana falsafa gani kabla hajapata nafasi ya kutaka kujua nani aliua. Naona hapo tumeirudia khitima bila ya karamu yake.

Katika miaka ya 1980 karatasi na fedha viliadimika Tanzania, na vitabu navyo. Mwaka 1991 ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, ukisaidiwa na shirika la CODE la Kanada. Utaratibu wake ulikuwa wa busara: mchapishaji alichapa nakala 5,000, mradi ukanunua 3,000 na kuzigawa maskulini, yeye akabaki na zilizosalia auze. Wachapishaji wakapata moyo na watoto wadogo wakapata hadithi zenye picha. Aliyebaki nyuma ni yule wa katikati, aliyekwisha kuona haya kushika kitabu cha sungura na fisi na ambaye bado hajaiva kwa Kezilahabi. Huyo waandishi wetu, nami nimo katika hesabu hiyo, hatujamwandikia vya kutosha.

Na hata kidogo kilichopo hukaa katika kabati lenye kufuli, ufunguo kwa mwalimu mkuu, kwa kuogopa vitabu visipotee au visichanike. Kitabu kilichochanika kwa kupita mikono thelathini kimefanya kazi yake. Kilichobaki kipya kimekula vumbi tu. Kabati lifunguliwe siku ya Ijumaa, kila mmoja achague mwenyewe, aende nacho nyumbani bila karatasi ya maswali. Jumatatu akirudi nacho kakifikisha nusu, mwalimu amuulize moja tu: unamshuku nani?