Siri ya Majibu: Watu Wenye Ulemavu na Mwitikio wa UKIMWI Kilosa na Mikumi, 1983–2010

Historia ya mwitikio wa UKIMWI nchini Tanzania husimuliwa zaidi kwa kufuata njia za usafiri. Baada ya wagonjwa wa kwanza kubainika mkoani Kagera mwaka 1983, wapangaji wa afya walielekeza macho kwenye barabara kuu, vituo vya malori na mashamba makubwa. Kwa mtazamo huo, Wilaya ya Kilosa haikuweza kupuuzwa. Mji wa Kilosa uko kwenye Reli ya Kati, nao Mikumi uko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, inapochepuka njia ya Kidatu na Ifakara kwenye mashamba ya miwa. Mtazamo huo ulimwona msafiri. Mtu mwenye ulemavu, ambaye mara nyingi alidhaniwa hana maisha ya kimapenzi, hakuonekana kwa urahisi.

Mwaka 2004 maamuzi mawili yalifanyika sambamba. Wizara ya Afya ilianza kutoa dawa za kufubaza VVU bila malipo. Wizara ya Kazi, Maendeleo ya Vijana na Michezo ilitoa sera ya taifa kuhusu watu wenye ulemavu. Kila uamuzi ulikuwa na wizara yake, ilhali mgonjwa mwenye ulemavu alihitaji yote mawili katika chumba kimoja.

Athari ya utengano huo hudhihirika katika upimaji. Kampeni ya kitaifa ya kupima kwa hiari, iliyozinduliwa na Rais Jakaya Kikwete Julai 2007, ilitegemea hotuba, redio, mabango na ushauri nasaha wa ana kwa ana. Sheria Na. 28 ya mwaka 2008 ikataka majibu yawe siri. Hata hivyo, kiziwi anayefika kituoni akitafsiriwa na ndugu yake hupokea majibu baada ya ndugu huyo kuyasikia. Mshauri hajatoboa siri, lakini siri haipo tena. Anayejua kwamba kupima ni kumwarifu shemeji yake ana sababu ya kutopima, na asiyepima hazifikii dawa hata zikiwa za bure. Aidha, sheria hiyohiyo iliruhusu mtu asiyeweza kuelewa majibu apimwe kwa ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Ulemavu ukasomeka kama suala la usimamizi wa familia.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria Na. 9 mwaka 2010. Waliohusika hawakuwa wachache: utafiti wa kitaifa wa 2008 ulikadiria asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi kuwa na ulemavu.

Hivyo basi, ujumuishwaji Kilosa na Mikumi haupimwi kwa idadi ya sheria. Kipimo chake ni nani aliyekuwemo chumbani majibu yalipotolewa, na kwa lugha gani.