Kuzuia Soda Hakupunguzi Bei ya Mboga

Tangu Januari 2026, majimbo matano ya Marekani, yakiwamo Nebraska, Iowa na Indiana, yamewakataza wanaopokea SNAP, yaani msaada wa chakula wa serikali ya shirikisho, kununua soda kwa kadi zao za msaada. Ombi la kibali cha shirikisho cha kuweka katazo la namna hii si geni. Minnesota ilinyimwa kibali mwaka 2004, na jiji la New York, chini ya Meya Michael Bloomberg, likanyimwa mwaka 2011. Kilichobadilika ni msimamo wa Wizara ya Kilimo, ambayo Mei 2025 iliipa Nebraska kibali cha kwanza. Hoja ya watetezi ina uzito: fedha za umma zinazotolewa kwa ajili ya lishe zisinunue vinywaji vinavyochangia kisukari, ugonjwa ambao umma huohuo hugharimia sehemu kubwa ya matibabu yake. Nakubaliana nao kuhusu madhara ya sukari. Ninachopinga ni dhana kwamba kadi ndiyo chanzo chake.

Mwaka 2016 Wizara hiyo ilichapisha uchambuzi wa mauzo ya vyakula ya mwaka 2011. Kaya za SNAP zilitumia zaidi kidogo ya asilimia 5 ya fedha zao za chakula kwa soda. Kaya nyingine zilitumia asilimia 4. Tofauti ipo, lakini mazoea ni ya taifa zima. Isitoshe, SNAP haikukusudiwa kulipia chakula chote cha kila kaya. Kanuni zake huchukulia kwamba familia itachangia takriban asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato, na kaya nyingi hupokea chini ya kiwango cha juu. Mama anayefika kwa keshia akiwa na kadi na noti chache atalipia maziwa kwa kadi na soda kwa noti. Kapu linabaki lilelile. Kilichoongezeka ni kazi ya kutenganisha bidhaa huku foleni ikimtazama. Mipaka yenyewe huyumba. Iowa imefuata sheria yake ya kodi ya mauzo, ambayo haihesabu kuwa peremende kitu chenye unga, hivyo chokoleti yenye biskuti ndani inapita na ile isiyo na unga inakataliwa. Kwa muda mrefu kanuni za shirikisho zimekataza pia kuku wa kuchoma akiwa moto, ilhali akishapoa na kuuzwa baridi anaruhusiwa. Sioni lishe gani inayolindwa hapo.

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya hoja yangu linatokana na jaribio lililofanyika Minneapolis na Saint Paul, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2016. Watu wa kipato cha chini waliowekewa vizuizi na wakati huohuo wakapewa nyongeza kwa kila walichotumia kwenye matunda na mboga walikula vizuri zaidi kuliko wasiowekewa sharti lolote. Ushahidi huu haupaswi kupuuzwa, ila usomwe wote: kundi lililowekewa vizuizi pekee halikufikia mafanikio hayo. Nyongeza, kwa upande wake, ina ushahidi unaojitegemea. Katika Kaunti ya Hampden, Massachusetts, kati ya 2011 na 2012, wapokeaji wa SNAP walirudishiwa senti 30 kwa kila dola waliyonunulia matunda na mboga, na ulaji wao wa vyakula hivyo ukazidi ule wa wenzao kwa takriban robo. Hawakukatazwa chochote. Kibali cha Nebraska kimechukua katazo, na chenyewe hakiongezi hata senti moja kwa ajili ya mchicha.

Wapo wanaosema mlipa kodi ana haki ya kuweka masharti. Anayo, na SNAP tayari hainunui pombe wala sigara. Lakini sharti lipimwe kwa matokeo yake. Anayepata msaada wa takriban dola 6 kwa siku huchagua chakula kwa kutazama bei kwanza. Jimbo linalotaka kubadilisha mlo wake lianze kwa kumpunguzia bei ya matunda na mboga. Likishindwa kufanya hivyo, halina sababu ya kumfungia soda.