Kilo-Moto: nani aliketi kwenye meza ya wakubwa kwa ajili ya wafanyakazi?

BUNIA – Katika mji huu hakuna haja ya kueleza SOKIMO ni nini. Jamaa nyingi za Ituri zina babu aliyechimba Kilo au baba aliyekuwa karani Mongbwalu, na wengine wana mtoto anayedai mishahara ya nyuma. Habari za dhahabu zimeandikwa sana. Habari za wale walioshughulikia watu ndani ya kampuni, na umbali wao na meza ya maamuzi, hazijaandikwa sana.

Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903 na watafutaji wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien. Uchimbaji ulianza mwaka 1905. Tangu mwanzo shida kubwa ilikuwa watu. Machifu waliambiwa watoe vijana, vijiji vikalazimishwa kulima chakula cha kambi, na kabla ya barabara za magari mizigo ilibebwa kichwani. Aliyejua hesabu ya kweli ya mgodi alikuwa yule aliyeshika kitabu cha majina: nani amefika, nani ametoroka, nani mgonjwa, posho ya nani imekatwa. Katika makampuni ya koloni idara hiyo iliitwa MOI, kwa Kifaransa main-d'œuvre indigène, maana yake nguvu kazi ya wenyeji. Jina lenyewe linaonyesha mtu alihesabiwa pamoja na nini.

Mwaka 1926 migodi iligeuzwa kuwa kampuni, Société des Mines d'Or de Kilo-Moto, na koloni ikabaki na sehemu kubwa. Mkubwa wake aliyejulikana zaidi ni Georges Moulaert, mwanajeshi aliyekuwa amefika cheo cha makamu wa gavana mkuu kabla ya kupewa migodi. Mwaka 1950 alitoa kitabu juu ya miaka yake 20 huko, 1920 hadi 1940. Mchimbaji hakupata nafasi ya kuandika chake. Kwenye baraza la wasimamizi, lililoamua mambo likiwa Ubelgiji, waliketi watu wa fedha, wa serikali na wa ufundi. Mwenye kitabu cha majina alibaki huku, kutekeleza.

Baada ya vita kuu ya pili mambo yalilegea kidogo. Mwaka 1946 Wabelgiji waliruhusu sendika za weusi, lakini chini ya masharti mengi na macho ya watawala. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1951, Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria ya aina nyingine kabisa kwa makampuni ya makaa ya mawe na chuma yenye wafanyakazi zaidi ya 1,000. Katika kundi la wakubwa wanaoendesha kampuni lazima awepo mkurugenzi wa kazi, naye hawezi kuteuliwa ikiwa wajumbe wa wafanyakazi wamempinga. Alipewa cheo sawa na mkubwa wa fedha na mkubwa wa ufundi. Migodi ya kule na ya huku ilikuwa katika zama moja, lakini mpaka huo haukuvuka.

Uhuru ulileta jina jipya. Mwaka 1966 kampuni ikawa OKIMO, mali ya serikali. Sheria ya Januari 1978 juu ya mashirika ya serikali iliweka baraza la wasimamizi na, chini yake, kamati ya uendeshaji. Hapa kuna jambo la kutazama kwa makini. Katika mashirika mengi kamati hiyo ilikuwa na mkubwa na naibu wake, mkurugenzi wa ufundi, mkurugenzi wa fedha na mjumbe mmoja wa wafanyakazi. Mkurugenzi wa wafanyakazi hakuwekewa kiti chake. Mtu anaweza kusema mjumbe alitosha. Lakini mjumbe ni mfanyakazi wa yule yule mkubwa aliyeketi mbele yake, na sendika ya wakati ule, UNTZA, ilikuwa ya chama kimoja, MPR. Kukohoa kwenye mkutano kulikuwa na bei.

Miaka ya vita, kuanzia 1998, mashine zilinyamaza na vikundi vyenye silaha vikagombea Mongbwalu. Wachimbaji wadogo wakajaza mashimo, na kampuni ikaishi zaidi kwa hati zake za ardhi kuliko kwa dhahabu yake.

Kisha yakaja mageuzi. Sheria za Julai 2008 zilibadilisha mashirika ya serikali kuwa makampuni ya biashara, na OKIMO ikarudi kuitwa SOKIMO. Leo ina asilimia 10 katika mgodi wa Kibali, kule Watsa, ambako Barrick na AngloGold Ashanti wana 45 kila mmoja. Mwaka 2012 Congo iliingia OHADA, ambayo sheria yake inaruhusu baraza la watu 3 hadi 12. Inaruhusu pia mfanyakazi wa kampuni kuwa msimamizi, mradi kazi yake iwe ya kweli, si ya karatasi.

Kwa hiyo mlango upo. Lakini mtaalamu wa wafanyakazi barazani si sendika, na kuwachanganya ni kosa. Yeye ni mtu wa uongozi, na anaweza kuwa ndiye anayependekeza kupunguza watu. Faida yake ni nyingine: anajua deni la mishahara jina kwa jina. Anajua wazee wangapi wamepitisha umri wa kustaafu lakini hawawezi kuondoka kwa sababu malipo yao ya mwisho hayapo, na michango ipi haijafika CNSS. Mkutano unapojadili kuuza sehemu ya hisa au kukodisha eneo, deni hilo huonekana kama mstari mmoja wa hesabu mpaka aliyelijumlisha aeleze lilivyokusanyika, mwezi baada ya mwezi.

Katika mashirika ya serikali, wasimamizi huteuliwa na Rais kwa ordonansi, kwa pendekezo la serikali. Wanaofika hapo kwa kawaida hupimwa kwa siasa, jimbo na chama kabla ya fani. Wahandisi wamefika, watu wa hesabu wamefika. Faili ya wafanyakazi bado huingia kwenye mkutano ikiwa mkononi mwa mtu mwingine.