Kipenu si banda

Ni rahisi kukiita "banda" kile chumba kilichoegemezwa nyuma ya nyumba kongwe za mbao za New England, Marekani, kama ile ya Fairbanks mjini Dedham, iliyojengwa karibu na mwaka 1640. Neno lake tunalo: kipenu. Ni jamaa wa upenu, sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, na ndivyo kilivyojengwa: paa la nyuma liliteremshwa chini kabisa, mwenye nyumba akapata jiko au stoo. Banda husimama peke yake. Kipenu bila nyumba hakipo.

Atakayesema kwamba ki- hudogosha, ilhali vipenu hivi vilienea urefu mzima wa nyumba, nitamjibu kuwa neno lataja uhusiano na paa, si vipimo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba vingine vilijengwa pamoja na nyumba tangu msingi. Hapo tutazame makombamoyo. Yakiungwa juu ya ukuta wa nyuma, kipenu kiliongezwa. Mara nyingine ukuta huo, sasa wa ndani, bado una mbao zilizopauka kwa mvua. Yakishuka mfululizo toka kileleni, kilizaliwa na nyumba. Vipenu vya aina zote mbili vimefunikwa na paa lilelile la nyumba.