Mkoma: Mti wa nyumbani usiotishwa na ukame

WENYE nyumba wengi wanapotaka kupamba ua hutafuta miti ya jamii ya mnazi na mtende iliyotoka ng'ambo. Ilhali mmoja wa jamii hiyo, ulio wa asili ya Afrika Mashariki na uliozoea kiangazi, haupandwi ila na wachache. Huo ni mkoma, ambao kisayansi huitwa Hyphaene compressa.

Nchini Kenya, mkoma hupatikana Pwani, kandokando ya Mto Tana, na kaskazini kando ya mito Turkwel na Kerio, ambako Waturkana huuita eengol. Jani lake si kama la mnazi. Hukunjuka kwa duara mfano wa kipepeo cha jikoni. Aidha, shina lake hugawanyika matawi mawili mawili, jambo lisilo la kawaida katika jamii hii ya miti.

Manufaa yake ni mengi. Majani machanga hutoa miyaa ya kusukia majamvi, vikapu na kamba, na yaliyokomaa huezekea nyumba. Nyama ya tunda lake, koma, ni tamu na hutafunwa, hasa wakati wa njaa. Kwa familia nyingi za maeneo kame, ususi wa majani hayo ni riziki.

Mkoma hufaa nyanda za chini zenye joto. Hustawi kwenye mchanga na hata udongo wenye chumvi kiasi, mradi mizizi ifikie maji yaliyo chini ya ardhi. Sehemu za milimani zenye baridi kali haziufai.

Kosa kubwa la wapandaji hutokea mwanzoni kabisa. Mbegu ya mkoma haichipuzi jani kwanza. Hutoa kitu kinachofanana na mzizi, nacho hushuka chini sana, na ni huko chini mche wenyewe unakoanzia kabla ya jani kupanda juu. Kwa hiyo mche uliooteshwa katika chombo kifupi hujikunja, na ule unaong'olewa ili uhamishwe mara nyingi hufa.

Njia bora ni kupanda mbegu mahali pale pale mti utakapokaa. Chagua koma zilizoiva na kuanguka zenyewe, uondoe nyama, kisha uloweke kokwa majini kwa siku chache. Lainisha udongo kwa kina kirefu, fukia kokwa karibu na uso wa ardhi na udumishe unyevu. Kuota huweza kuchukua miezi, na mbegu hazioti pamoja. Asiyejua hili hudhani mbegu imekufa, akaifukua wakati tayari imeshuka ardhini.

Inapendekezwa kupanda mbegu kadhaa. Mikoma huwa ya kiume na ya kike, na wa kike pekee ndio huzaa. Tofauti hiyo haijulikani hadi mti utoe maua, na mti wenyewe hukua polepole.

Mche mchanga unahitaji maji wakati wa kiangazi na ua wa miiba wa kuuzuia mbuzi. Upandwe mbali na njia na mahali watoto wanapochezea, kwa kuwa vikonyo vya majani vina miiba iliyopinda, na koma ni nzito zinapoanguka. Majani makavu yanayoning'inia yakatwe, maana hushika moto upesi.

Lisilosahaulika ni kwamba kila tawi lina kilele kimoja tu cha kukulia. Kikikatwa, tawi hilo hufa. Ndiyo sababu ugemaji wa tembo unaokata kilele huua matawi, na uvunaji wa majani machanga yote kwa mara moja huudhoofisha mti. Msusi mwenye busara huchukua baadhi ya majani na kuacha mengine yakunjuke.

Anayepanda mkoma leo huenda asichume koma zake kwa miaka mingi. Hata hivyo, ukishashika ardhi, humwachia mwenye boma kivuli, miyaa na chakula ambavyo kiangazi hakiviondoi kwa urahisi. Nao wasusi watapata majani bila kuumaliza mti wa porini.